Nani Alikuwa Anachaji? Historia ya Betri za Karavani, Kuanzia Farasi Wawili Mpaka Mombasa

Leo hatuna msanii, hatuna ndoa iliyovunjika, hatuna nani kamuanfolo nani. Leo tuna betri. Subiri kwanza, usiondoke.

Unazijua zile video za watu wanaoishi kwenye magari? Dada kaamka, kafungua mlango wa nyuma, mbele yake ziwa. Kahawa inachemka, vitaa vya njano vinawaka kama ukumbi wa send-off, laptop ipo mezani, spika inapiga muziki taratibu. Nguzo ya umeme hakuna, hata moja. Chini yake watu wamejaza mioyo na neno "ndoto yangu". Nimezitazama nyingi sana, na sijawahi kuona mtu akiuliza swali ambalo bibi yangu angeuliza kabla hata hajakaa: huo umeme mmeutoa wapi?

Nikaanza kulifuatilia. Na kumbe nyuma ya kile kitaa cha njano kuna foleni ya watu wa zaidi ya miaka mia moja, wengine matajiri, wengine watoto wa shule, wengine wakulima wa bangi, na mwishoni kabisa kuna mama mmoja wa Mombasa. Kama kawaida ya safu hii, majina ya wahusika hatutaji. Ukimjua mtu mtaje kwenye komenti, wenzako watakuambia kama umepata au umekosa.

Twende kazi.

Wa kwanza ni daktari, Mskoti. Kijana huyu alikuwa daktari wa jeshi la majini la Uingereza, na miaka ya 1860 alihudumu kwenye meli iliyokuwa ikiwinda majahazi ya watumwa kwenye pwani ya Msumbiji. Yaani huku kwetu alishafika kabla babu wa babu yako hajajua karavani ni nini. Akastaafu, akarudi Uingereza, akawa anaandika vitabu vya hadithi za safari kwa ajili ya vijana. Mwaka 1885 akaagiza kiwanda kimoja cha mabehewa cha Bristol kimtengenezee nyumba ya magurudumu. Si ya kazi, si ya biashara, ni ya kula maisha tu. Watu wa karavani Uingereza mpaka leo wanaihesabu kuwa ndiyo karavani ya kwanza ya starehe. Mbao nzuri, kochi, kabati la vitabu, na uzito wa karibu tani mbili ukivutwa na farasi wawili. Akaenda nayo mpaka Inverness, kaskazini mwa Uskoti.

Sasa cheki. Jamaa alikuwa na kijakazi wa kiume ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kutangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu, kuwaambia watu barabarani kwamba kuna dubwana linakuja. Huyo ndiye ninayempenda mimi. Daktari ana kitabu, ana heshima, ana gari lililohifadhiwa mpaka leo. Yule wa baiskeli kachoka kuliko farasi.

Usiku ndani ya ile karavani ziliwaka taa za mafuta. Betri za kuchaji zilikuwepo tayari duniani, lakini hakuna aliyewaza kuziweka kwenye nyumba ya kuvutwa na farasi, kwa sababu moja rahisi: farasi hachaji.

Hapa nipite haraka kwenye fizikia, walioikimbia form two wavumilie. Mwaka 1800 Muitaliano Volta (huyu lazima nimtaje, volti ni jina lake) alitangaza betri yake ya kwanza. Ikitoa umeme ikaisha, imeisha. Mwaka 1859 Mfaransa mmoja akachukua mabamba mawili ya risasi, namaanisha madini ya risasi na siyo ya bunduki, akayatia kwenye asidi. Akagundua kwamba ukiusukuma umeme kurudi ndani, betri inafufuka. Ndiyo babu wa betri ile ile iliyopo chini ya boneti ya daladala leo. Kichekesho ni kwamba hakukuwa na mashine nzuri ya kuichajia. Ile betri yake ya kufufuka aliichaji kwa kutumia betri zile nyingine za kutumia na kutupa. Ilibidi dainamo zije baadaye ndiyo kitu kikawa na maana.

Kwa hiyo kuanzia mwanzo kabisa tatizo halikuwa betri. Tatizo ni kuchaji.

Kilichobadilisha mchezo ni mkono uliovunjika. Magari ya zamani yaliwashwa kwa hendeli, unazungusha mbele kama unasaga mahindi. Injini ikirudisha teke, hendeli inakuja na mkono wako. Watu walivunjika mikono, wengine taya. Mwaka 1912 gari la Cadillac likatoka na stata ya umeme: unabonyeza, inawaka. Watu wengi wanaisimulia hii kama habari ya stata, lakini angalia vizuri kilichoingia pamoja nayo. Ili stata ifanye kazi lazima gari liwe na betri kubwa, na ili betri isife lazima injini iichaji. Maana yake kuanzia hapo kila gari likawa kituo kidogo cha umeme kinachotembea. Umeme ukapata miguu.

Miaka ya 1920 redio ikaingia, na redio nyingi za mwanzo zilikula betri. Uingereza, nyumba zisizo na umeme zilikuwa na betri ndogo ya kioo yenye asidi ndani na kishikio juu. Ikiisha inapelekwa kwenye gereji au duka la baiskeli la mtaani, unaacha yako inachajiwa, unachukua nyingine. Anayetumwa ni nani? Mtoto. Wazee wengi wa Kiingereza wana kumbukumbu hiyo ya utotoni, kubeba chupa ya asidi kwa mkono mmoja huku akiombewa asijikwae. Ukiwa umekulia mkoani najua umeshatabasamu, maana wewe au kaka yako mlibeba betri ya gari kwenye kerea ya baiskeli mpaka senta ili Jumamosi watu waone mpira. Ile picha si ya Kiafrika peke yake. London iliishi hivyo hivyo, ila wameisahau.

Marekani walikuwa na shida ya umbali. Katikati ya miaka ya 1930 ni kama shamba moja tu kati ya kumi lililokuwa na umeme. Ndugu wawili wa Iowa wakatengeneza pangaboi la mbao linalozungusha dainamo juu ya paa, upepo ukivuma betri ya volti 6 inajaa, redio inaimba. Kampuni kubwa ya redio ikaona hela, ikaingia nao mkataba, na mapangaboi yakauzwa pamoja na redio. Halafu mwaka 1936 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kupeleka umeme vijijini, nguzo zikafika, na yale mapangaboi yakaachwa juu ya mapaa yanalia kama bawaba kavu.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo historia hii inapopita karibu kabisa na nyumbani.

Mwaka 1959 Mmarekani mmoja mwenye kiwanda cha karavani zile za kung'aa kama sufuria mpya, Airstream, aliamua kuongoza msafara kutoka Cape Town mpaka Cairo. Karavani 41. Siyo magari 41 ya jeshi, ni nyumba 41 za bati la aluminiamu, zimevutwa na watu wengi wao wastaafu, wazee na wake zao, wanapiga mikunjo ya nguo na kupika keki humo ndani. Walipanda kupitia Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya, wakaingia Ethiopia ambako barabara ziliwatesa mpaka vyuma vikakatika, wakapokewa Addis Ababa na Mfalme Haile Selassie, wakamalizia mwaka 1960 kwa kupiga kambi mbele ya mapiramidi. Ile picha ya mapiramidi na karavani utaikuta mtandaoni, itafute.

Fikiria tu tarehe. 1959. Kenya bado koloni, Uganda bado, Kongo imebakiza mwaka mmoja. Vijiji karibu vyote walivyopita havijawahi kuona globu. Jioni inaingia, msafara wa mabati unasimama, na madirisha 41 yanawaka taa bila waya kutoka popote. Sijakuta mahali watoto wa vijiji hivyo walipoulizwa waliona nini. Picha zipo, wamesimama pembeni, hawana majina. Kwenye safu hii ndio wageni rasmi.

Walifanyaje? Miaka miwili kabla, mwaka 1957, kiwanda hicho kilitoa karavani inayojitegemea: maji yake, gesi yake, na mfumo wa umeme wa volti 12, ili usilazimike kulala kwenye kambi yenye soketi. Wazo lenyewe ni la kibahili na ndiyo maana lilifanya kazi. Kila kinachotoa joto au baridi, yaani jiko na friji, kilipelekwa kwenye gesi. Betri ikaachiwa kazi nyepesi, taa na pampu. Na betri ikichoka, inachajiwa na gari linalovuta, wakati mnatembea.

Ila magari mengi ya wakati huo bado yalitumia dainamo, na dainamo ina tabia ya mtu mvivu: usipoizungusha kwa kasi haitoi kitu. Umekwama kwenye tope, injini inanguruma taratibu, taa zinawaka, mbele hakuna kinachoingia kwenye betri. Yaani siku unayohitaji umeme zaidi ndiyo siku dainamo imelala. Mwaka 1960 Chrysler wakaanza kuweka otaneta kwenye gari dogo la kawaida, kwa sababu daiodi za silikoni zilikuwa zimeshashuka bei. Otaneta inachaji hata gari likiwa limesimama linanguruma. Ndani ya miaka michache dainamo zikaanza kupotea.

Hapo mtu angedhani shida imeisha. Shida ndiyo ilianza, na naomba nikae hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanaungua hela mpaka leo.

Tatizo la kwanza ni betri moja kufanya kazi mbili. Umelala porini, umesikiliza redio, friji imekula, asubuhi unawasha gari: tik, tik, tik. Kimya. Na simba hana habari kwamba wewe ni mtalii. Fundi fulani, na hakuna kitabu kinachomtaja kwa sababu walikuwa wengi kwenye gereji nyingi, akaweka betri ya pili na rilei katikati. Injini ikiwaka, rilei inaunganisha, zote mbili zinachajiwa. Injini ikizimwa, rilei inakata, ya kulalia inaisha peke yake na ya kuwashia inabaki mzima. Kitu cha hela ndogo sana, na kimeokoa watu wengi kuliko hizo tochi zenye king'ora mnazouziwa Insta.

Tatizo la pili ni kwamba hizo betri mbili si ndugu kama zinavyofanana. Ya kuwashia gari ina mabamba membamba mengi, imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache halafu irudishiwe papo hapo. Ukiifanya iwashe taa usiku kucha kila siku, miezi haitakuwa mingi. Ya kulalia ina mabamba manene, inavumilia kushuka taratibu. Hata hiyo nayo, kama ni ya risasi, usiipeleke chini ya nusu mara kwa mara. Ikiwa imepumzika na imejaa inasoma kama volti 12.7. Ikisoma 12.2 umeshafika nusu. Watu wengi wakiona 12 wanasema "si imeandikwa volti kumi na mbili, ipo fresh". Haipo fresh, mzee.

Piga hesabu. Betri imeandikwa ampea-saa 100. Za kutumia bila kuiua ni 50. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 inaweza kula 30 mpaka 40 kwa siku ya joto. Ongeza taa, simu nne, pampu. Siku ya pili asubuhi umeshamaliza.

"Si nitaendesha masaa mawili ijae?" Hapana, na hii ndiyo sehemu tamu. Betri ya risasi inakula kama mtoto aliyekuwa na njaa: mwanzo inameza, katikati inatafuna, mwisho inacheza na chakula. Ile asilimia 20 ya mwisho inaingia taratibu sana, masaa kwa masaa, hata kama otaneta yako ni ya lori. Usipoifikisha mwisho mara kwa mara, chumvi ngumu inaganda kwenye mabamba na kila wiki betri inakuwa ndogo kidogo bila kukuambia.

Halafu kuna waya. Jamani waya. Otaneta ipo mbele kabisa ya gari, betri ya karavani ipo nyuma kule. Chukua waya wa milimita 2.5, mita 6 kwenda na mita 6 kurudi, pitisha ampea 10. Njiani unapoteza kama volti 0.8. Mbele ilitoka 14.2, nyuma inafika 13.4, na betri inayotaka zaidi ya 14 ili ijae inabaki inanusa tu. Waingereza walivutana karavani miaka na miaka kwa plagi mbili za pini saba, moja ya taa za nyuma na nyingine ya friji na kuchajia, na malalamiko yalikuwa yale yale: nimeendesha siku nzima, betri haijajaa. Mtu analaumu betri, ananunua mpya, anaifunga kwenye waya ule ule.

Jenereta zilijaribu kujibu. Mwaka 1965 Honda walitoa kale kadogo ka kubeba kwa mkono, E300, na kweli kalisaidia. Lakini umeenda porini kusikiliza ndege, jirani yako anasikiliza petroli. Tuliachie hapo.

Jibu lililodumu lilitokea maabara Marekani Aprili 1954, watu watatu wa Bell, wakaonyesha kipande cha silikoni kinachogeuza jua kuwa umeme kwa ufanisi wa kama asilimia 6. Bei yake ilikuwa ya satelaiti, na kweli ilienda kwenye satelaiti, mwaka 1958. Mtu wa karavani hakuwa na habari nayo.

Sasa nani aliishusha mpaka kwenye paa la mtu wa kawaida? Miaka ya 1970 vijana wengi wa California walikimbia mji, wakaenda kuishi kwenye milima ya kaskazini ambako nguzo hazifiki. Walikuwa na nywele ndefu, mbuzi, na wengine, tuseme ukweli, walilima bangi. Mkulima wa bangi ana sifa mbili ambazo muuza sola anazipenda: ana keshi, na hataki kabisa mtu wa shirika la umeme aje kusoma mita. Mwanzo walichaji betri kwa magari yao. Unashuka mjini kununua unga, unarudi, betri ya pili imejaa, unaichomoa unaingiza ndani, usiku muziki. Mwaka 1978 duka moja la huko likaanza kuwauzia paneli za sola reja reja, vipaneli vya wati chache kwa mamia ya dola kila kimoja. Wakanunua.

Na vitu vya kuwasha walivitoa wapi? Kwenye maduka ya karavani. Taa za volti 12, pampu za volti 12, friji, feni, vyote vilikuwa vimeshatengenezwa kwa ajili ya wale wastaafu wa mabati. Kwa hiyo nyumba ya kwanza ya sola ya mtu wa kawaida ilikuwa, kwa ndani, karavani isiyotembea. Baadaye sola zikarudi kwenye karavani zenyewe zikiwa zimeshajaribiwa na wahuni wa milimani. Hakuna tangazo la sola linaloweka hii, nashangaa kwa nini.

Mwaka 1984 mambo hayo hayo yakafika Meru, Kenya. Mmarekani mmoja aliyewahi kuja kama mfanyakazi wa kujitolea akafunga sola kwenye shule ya sekondari ya harambee, na akafanya kitu ambacho wafadhili wengi wanasahau: akafundisha mafundi wa pale pale. Wale mafundi ndio wenye historia. Walitoka wakaenda kwa walimu, kwa wakulima wa kahawa na chai, nyumba kwa nyumba. Ufunguo ulikuwa ule ule, paneli juu, betri ya gari chini, waya katikati, taa mbili na TV ya bleki endi waiti. Viwanda vya betri vya Nairobi vikaona soko vikaanza kutoa betri ya sola. Mpaka miaka ya 1990 Kenya ilikuwa na makumi ya maelfu ya nyumba zenye sola, nyingi zikiwa zimenunuliwa kwa hela ya mfukoni na siyo ya msaada, na wataalamu kutoka nje wakawa wanakuja kuuliza imewezekanaje. Walipowauliza wanunuzi mnatumia kwa nini, ripoti zilitaka kusikia mtoto anasoma usiku. Jibu kubwa lilikuwa TV. Mimi siwalaumu hata kidogo, na wewe unayesoma hii saa sita usiku huna haki ya kuwalaumu.

Makosa nayo yakawa yale yale ya karavani. Betri ya gari ikifanya kazi ya kulala. Paneli ndogo kuliko TV. Kontrola inachomolewa kwa sababu "inakata mapema", wakati inakata mapema ndiyo kuilinda betri. Mwaka mmoja, miwili, betri inakufa, na betri ndiyo kitu cha gharama kinachorudi rudi kwenye mfumo wote.

Siku hizi wale wa video wana lithiamu. Aina wanayotumia wengi ilitangazwa mwaka 1997 na maabara ya chuo kikuu Texas. Mzee wa maabara hiyo alikuja kupewa Nobel mwaka 2019 akiwa na miaka 97, kwa kazi yake ya betri za lithiamu kwa jumla, na hakuna aliyewahi kuipata akiwa mzee kuliko yeye. Unaitumia karibu yote bila kuiua, inameza chaji haraka, nyepesi. Haipendi kuchajiwa kwenye baridi ya chini ya sifuri, lakini hiyo ni shida ya Norway siyo ya Dodoma. Na magari mapya yana otaneta za akili zinazojishusha volti ili kubana mafuta, kwa hiyo ile rilei ya zamani haitoshi tena. Kuna boksi linalopandisha volti katikati. Ukiona mtu kafunga rilei ya mwaka 47 kwenye gari jipya, mwambie kwa upole.

Nilisema kuna mama wa Mombasa.

Kila betri ya risasi tuliyoitaja hapa ilikufa. Za msafara, za wahuni, za Meru, za daladala. Hazitupwi, maana risasi ina bei. Zinavunjwa, zinayeyushwa, zinatengenezwa betri nyingine. Swali ni nani anayeyeyusha, na moshi unaenda kwa nani.

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi kwenye mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kama watu 3,000 wanaishi pale. Mama huyu aliajiriwa na kiwanda, kazi ya ofisini. Mojawapo ya majukumu yake ya kwanza ilikuwa kusimamia ripoti ya mazingira, na ripoti ikasema kiwanda kihame. Uongozi haukutaka kusikia. Baada ya muda mtoto wake mdogo, ambaye alikuwa bado ananyonya, akaugua ugonjwa ambao madaktari hawakuuelewa, mpaka alipopimwa damu ikakutwa na risasi. Yeye mama alikuwa anakwenda kazini, anarudi, anamnyonyesha.

Akaacha kazi akaanza kugonga milango. Watoto wa jirani wakapimwa, wakakutwa nayo. Mapaa ya mabati mtaani yalikuwa yanaliwa na asidi mpaka yanatoboka. Mama alikamatwa kwa maandamano, alivamiwa, hakuacha. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata akapewa tuzo kubwa ya dunia ya wanaharakati wa mazingira. Wakazi wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na udongo wao usafishwe. Rufaa zikakatwa, kesi ikapanda, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha hukumu ile.

Kwa hiyo wakati ule mzungu wa video anaposema umeme wake ni wa bure kwa sababu ni wa jua, mimi namuangalia betri chini ya kitanda. Ikiwa ya risasi, ina miaka michache. Mnunuzi wa vyuma chakavu atapita na mkokoteni, kilo kwa kilo, kama anavyopita Buguruni na Tandika kila asubuhi, ataipima, ataimwaga asidi mtaroni ili ipungue uzito wa kubeba, na ataondoka nayo.

Haya, komenti ziko wazi. Nani anamjua yule daktari wa farasi wawili? Na kama kwenu mlibeba betri kwenda senta kuchaji, tuambie ilikuwa wapi na mlikuwa mnaangalia nini.